Dakika Tano Kutoka kwa Farasi wa Trône

Jioni niliyofika Brussels nilipotea kwa sababu ya kibao. Niliambiwa niifuate Chaussée d'Ixelles mpaka mwisho. Nikafika kwenye kona, jina hilo likawa limeandikwa juu, na chini yake Elsensesteenweg. Nikadhani ni barabara mbili zinazokutana, nikasimama kwenye manyunyu ya Oktoba nikiitafuta ya pili. Ya pili haikuwepo. Kijana mmoja aliyekuwa anafunga duka ndiye aliyenifumbua macho: jiji hili lina lugha mbili rasmi, Kifaransa na Kiholanzi, kwa hiyo kila mtaa una majina mawili. Ixelles ndiyo hiyo hiyo Elsene.

Usiku ule niliamua kwamba kesho yake sipandi basi wala tramu. Jiji ambalo kila kitu chake kina majina mawili, nilitaka nilisome kibao kwa kibao.

Mimi ni mtu wa Kigoma, na kwetu Ubelgiji si jina la mbali. Kwa mkataba wa 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji eneo la bandari Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo ipate njia ya kufika baharini. Babu yangu aliibeba mizigo hiyo. Alikuwa na sugu kwenye bega la kulia, na tulipokuwa watoto tuliigusa tukimuuliza kama inauma. Alikufa bila kuijua ilikokuwa inakwenda mizigo ile.

Asubuhi nilianzia kituo kikuu cha treni, nikateremka hadi Grand-Place. Ni uwanja mzuri kweli. Mnara wa jumba la jiji una urefu wa mita 96, na nyumba za vyama vya mafundi na wafanyabiashara zimeuzunguka uwanja zikimetameta dhahabu. Mwaka 1695 mizinga ya Louis wa 14 wa Ufaransa iliuteketeza mtaa huu karibu wote, na wenyeji wakaujenga upya kwa miaka michache tu. Nilipiga picha kama kila mtu, nikaondoka. Uzuri wa pale umeshasimuliwa na wengi.

Kutoka hapo mji unapanda. Mawe ya barabarani yalikuwa yanateleza kwa mvua, nami nikapanda ngazi za Mont des Arts taratibu, nikipumzika kila nilipochoka, nikatokea kwenye kasri la mfalme. Nililizunguka. Nyuma yake, kwenye uwanja wa Trône, ndipo nilipomkuta Leopold wa Pili juu ya farasi, ndevu zimemfika kifuani.

Mtu huyu aliimiliki Kongo kama shamba lake binafsi tangu 1885 hadi 1908. Mwaka 2020 waandamanaji waliipaka sanamu hii rangi nyekundu. Hayo nilikuwa nayajua. Nisilolijua lilikuwa limeandikwa kwenye msingi wa mawe, na ilinibidi nisogee karibu ndipo nilisome. Maandishi yanasema kwamba shaba na bati za sanamu hii zimetoka Kongo ya Kibelgiji, na kwamba zilitolewa kwa hisani na kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga.

Kwa hisani! Nililisoma neno hilo mara tatu. Nikamkumbuka babu na bega lake. Shaba ya Katanga ilikuwa ya nani, hata kampuni ikaweza kuitoa kwa hisani? Mabasi yalikuwa yanapita nyuma yangu, na hakuna abiria aliyegeuka. Siwalaumu. Ukiwa kwenye kiti cha basi, maneno yale hayasomeki.

Nikaendelea kutembea. Hazikupita dakika tano nikafika Porte de Namur, na pale pembeni nikaona kibao kipya kuliko vingine: uwanja wa Patrice Lumumba, kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Ulizinduliwa tarehe 30 Juni 2018, siku ya uhuru wa Kongo. Ni mahali padogo, unaweza kupapita bila kujua. Januari 1960 Lumumba alitolewa gerezani akaletwa katika jiji hili kwenye mkutano uliopanga tarehe ya uhuru. Mwaka uliofuata, Januari, aliuawa Katanga. Kilichobaki cha mwili wake, jino moja, familia yake ilikabidhiwa hapa hapa Brussels Juni 2022.

Hapo ndipo inapoanza Matonge, iliyorithi jina la mtaa wa Kinshasa. Vitenge, saluni, mihogo, Kilingala kila upande. Kwenye duka moja nikaona samaki wakavu wadogo, nikamwambia mwenye duka, “Shikamoo, mama.”

Akacheka kwa furaha. “Wewe uko Mutanzania! Batanzania banajua kusalimia.” Kwao Kalemie, ng'ambo ya ziwa letu. Dagaa wetu yeye anawaita ndagala. Akaniuliza nimetoka wapi na viatu vimelowa hivyo, nikamweleza njia niliyopita.

“Ulipita kwa ule mzee wa farasi?”

Nikamwambia nimepita, na nimeyasoma maandishi.

“Mimi napitaka pale kila siku,” akasema, huku akipima ndagala. “Niko naangalia chini.”

Nilikuwa nimejiona mtu wa maana kwa kusogea na kusoma. Kumbe kutembea kwangu kulikuwa kwa siku moja, na kwake ni njia ya kazini. Wahenga walisema mgeni aje, mwenyeji apone, na mimi sikuwa na dawa ya kumpa. Nilinunua robo kilo, tukazungumza habari za ziwa mpaka mteja mwingine akaingia.

Msomaji, ukijaliwa kufika Brussels, shuka Trône. Sogea karibu na farasi, usome, kisha utembee hadi kwenye uwanja wa Lumumba. Ukifika Matonge, wasalimie kwa Kiswahili. Wapo watakaokuitikia.