Mfupa Haupendi Kukaa Bure

Watu wengi huudhania mfupa kuwa kama boriti: ukishasimamishwa, kazi yake imekwisha. Sivyo. Mfupa ni kitu hai. Hubomolewa na kujengwa maisha yote, na hujengwa zaidi pale unapochukua uzito. Jambo hili tabibu wa Kijerumani, Julius Wolff, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1892.

Zama zetu hizi wataalamu wameingia ndani zaidi. Katika uboho mna seli changa ambazo hazijashika kazi maalumu. Zaweza kuwa mfupa, gegedu au mafuta. Hizo huitwa seli shina. Dasturi ilikuwa kuzitia dawa ili zifuate njia ya mfupa. Mwaka 2017, huko Scotland, Matthew Dalby, Stuart Reid na wenzao walitangaza kwamba wamezielekeza kwa kuzitikisa tu, mara 1,000 kwa sekunde. Na mtikiso wenyewe ni mdogo ajabu: milimita moja ikigawanywa mafungu milioni moja, huo ni mafungu 30 hivi. Seli zile, zikiwa ndani ya ute mzito kama jeli, zikaanza kuweka madini ya mfupa. Mwaka 2022 wataalamu wa chuo cha RMIT, mjini Melbourne, walitumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, dakika 10 kwa siku, kwa siku 5.

Khabari hizi zilitugusa sisi khasa, kwani zilitufikia wakati mama yetu mzazi amevunjika nyonga. Tabibu aliyemtengeneza aliagiza asimamishwe mapema, kwa gongo la miguu minne. Nyumbani ndugu tukatafautiana. Wengine walisema, "Mwacheni mama apumzike. Ametulea, sasa ni zamu yetu." Hayo ni maneno ya mapenzi, wala hayadharauliki. Lakini mapenzi yanayomlaza mzee miezi kitandani humpokonya mifupa yake. Hata wanaanga, watu wenye afya timamu, hupoteza kiasi cha asilimia moja ya madini ya mifupa ya nyonga kila mwezi, kwa kuwa huko waliko miguu haichukui uzito.

Mwishowe tukamwuliza mwenyewe. Akasema, "Nipeni mikono, wanangu." Akasimama, machozi yakimtoka kwa maumivu, akaenda hatua tatu.

Tusifahamike vibaya. Mtikiso wa maabara si dawa ya kujaribiwa nyumbani, wala mfupa uliovunjika hauchezewi. Tabibu ndiye ajuaye wakati na kiasi. Wataalamu wanatumaini siku moja kuotesha vipande vya mfupa kwa seli za mgonjwa mwenyewe, navyo vizibe mapengo yasiyoungika. Hilo tunalingojea. Lililo mikononi mwetu leo ni hili: mzee wenu akiruhusiwa kuinuka, msimletee kila kitu kitandani. Mwacheni aende mwenyewe kwenye maji ya kutawadha, nanyi mwende karibu naye.