Kabla ya Atlas, Nani Analipa Kodi?

Wasee, wengi wenu mnasoma It Ends with Us mkimngoja Atlas. Mimi nilikuwa naangalia nani analipa kodi ya nyumba.

Hiki kitabu cha Colleen Hoover kilitoka 2016, filamu ikafuata 2024, Blake Lively akiwa Lily. Hapa tao mimi hukiona kwa wauza vitabu wa barabarani, kati ya vitabu vya maombi na vile vya kukufundisha kutajirika. Kama hujakisoma, pole, naharibu utamu.

Lily amekua akiona babake akimpiga mamake. Anaolewa na Ryle, daktari wa upasuaji wa ubongo, msee wa sura na heshima zake, naye pia anaanza kumpiga. Halafu kuna Atlas, mpenzi wake wa ujana, ambaye anakutana naye tena. Hiyo ndiyo nafasi ya pili inayoliza watu kwa matatu za Kawangware.

Lakini angalia vizuri. Lily hamwachi Ryle ndio aende kwa Atlas. Anamwacha baada ya kuzaa msichana, kwa sababu hataki huyo mtoto aone kile yeye aliona. Mapenzi yake na Atlas yanangoja hadi kitabu cha pili, It Starts with Us, cha 2022. Na Hoover alikuwa akimfikiria mamake mwenyewe, aliyetoka kwa ndoa ya kipigo Hoover akiwa bado mdogo.

Tena Lily ana vitu ambavyo hatuvizungumzii. Ana duka lake la maua huko Boston, kwa hivyo doo ni zake. Ana mama anayemwambia asirudi. Ana Allysa, wifi yake, dadake Ryle wa damu, ambaye pia anamwambia asirudi. Wewe unajua mawifi wangapi wa hivyo?

Sasa lete hiyo stori huku Kangemi. Keja inalipwa na mwanaume. Kuhama kunataka kodi ya mwezi na dipoziti juu. Ukipiga simu ocha unaambiwa vumilia, kila ndoa ina mambo yake. Kuna dada wa ploti yetu alitoka mara tatu, akarudi mara tatu, na watu wakamcheka ati anapenda kupigwa. Mara ya nne wamama wa chama chake walimchangia dipoziti ya chumba Uthiru. Hajarudi. Hana mpenzi mpya, na haonekani kumtafuta. Juzi aliniambia siku hizi mlango ukigongwa hashtuki. Kwangu hiyo ndiyo nafasi ya pili.

Tarehe 27 Januari 2024 maelfu walijaa barabara za tao wakipinga mauaji ya wanawake. Sheria ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani tunayo tangu 2015. Lakini sheria haikupi godoro usiku wa kwanza. Godoro utapewa na mtu.

Kwa hivyo kabla hujamuuliza beshte yako kwa nini hatoki, muulize kama ana mahali pa kulala. Mpe pia 1195, ni nambari ya bure ya kuripoti dhuluma, usiku na mchana.

Nyinyi bakini timu Atlas. Mimi niko timu Allysa. Bishaneni nami hapo chini.