Kabla Kuhani Hajaingia

Washarika wengi hupita haraka Mambo ya Walawi sura ya 14, wala siwalaumu. Kuanzia mstari wa 33 inaeleza ukoma wa nyumba: madoa ya kijani au mekundu ukutani, kuhani anaitwa akague, nyumba inafungwa siku 7. Doa likienea, mawe yaliyoathirika yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa, yanawekwa mawe mengine na lipu mpya. Doa likirudi tena, nyumba inabomolewa. Chuoni niliisoma kwa ajili ya mtihani. Mwaka jana niliisoma kama mwenye nyumba.

Mimi na mke wangu tulinunua nyumba kuukuu Ngamiani, Tanga, kwa akiba yetu na mkopo wa SACCOS. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba 3 kila upande, uani nyuma. Tulikusudia kuikarabati na kuipangisha, kodi ilipe mkopo. Sioni dhambi hapo. Mchungaji naye hustaafu, na nyumba anayoishi ni ya usharika.

Fundi aligonga lipu kwa nyundo, ikaporomoka. Nyuma yake ulikuwa udongo uliolowa na miti iliyoliwa na mchwa. Waliotutangulia walikandika sementi juu ya ukuta wa udongo. Ukuta wa namna hiyo unahitaji kupumua, na sementi iliufungia unyevu ndani. "Mchungaji," akasema, "hapa haturekebishi. Tunaanza."

Lakini chumba cha mwisho kushoto kilikuwa na mtu: bibi mjane, muuza vitumbua, mpangaji wa miaka mingi. Aliyetuuzia alisema tumpe notisi ya mwezi mmoja, basi.

Mstari wa 36 ndio ulionisumbua. Kuhani anaagiza nyumba itolewe vitu kabla hajaingia, kwa sababu akishaitangaza najisi, vilivyomo navyo vinakuwa najisi. Sheria kali namna hiyo, halafu inasubiri mlangoni vyombo vya mtu vitoke! Katika Mishna, Rabi Meir anauliza ni vyombo gani hasa. Vya mbao, nguo na chuma vingeoshwa vikatakata. Kilichohurumiwa ni cha udongo, ambacho hakisafishiki. Yaani kile cha bei rahisi kabisa.

Bibi ana mtungi wa udongo.

Mke wangu ndiye mtunza hesabu. Alipiga upya: kazi ifanywe kwa vipande, vyumba vya mbele kwanza, Bibi ahamie kimojawapo kwa kodi yake ya zamani. Mkopo utachelewa kwisha kwa miezi 8. Akanisogezea daftari, akaniuliza kama naiweza hiyo miezi 8 au naihubiri tu. Nikatia sahihi.

Bibi amekwisha kuhama. Analalamikia harufu ya chokaa, na juzi aliniita: "Baba Mchungaji, hii baraza mbona umeifanya nyembamba? Jiko langu litakaa wapi?" Fundi anarudi Jumatatu kuipanua.