Vidonge Bila Karatasi

Mdogo wangu alinipigia saa tano usiku, sauti ya mtu aliyejifungia chooni. "Dada, uko peke yako?" Nikamwambia niko. Akanyamaza hadi nikadhani salio limeisha.

Alikuwa mwaka wa pili chuoni, Mombasa. Mimba ya wiki saba, kwa hesabu yake. Duka moja la dawa lilimuuzia vidonge vilivyofungwa kwa kipande cha gazeti: hakuna boksi, hakuna jina, hakuna karatasi ya maelezo. Muuzaji alimwambia tu, "Utajua ikianza."

"Nisomee inavyofanya kazi," akasema. "Wewe si unatafsiri?"

Kweli, natafsiri. Mikataba ya nyumba, maelezo ya mashine za kufulia, hata mahubiri. Nikafungua kompyuta, nikaanza kumsomea kwa Kiswahili nilichokuwa nakiunda hapo hapo. Dawa ni mbili. Mifepristoni huizuia projesteroni, homoni inayoishikilia mimba. Siku moja au mbili baadaye hufuata misoprostoli, inayokaza misuli ya mji wa mimba mpaka usukume nje kilichomo. Tangu 2005 Shirika la Afya Duniani limeziweka zote mbili kwenye orodha ya dawa muhimu. Misoprostoli ilianza kama dawa ya vidonda vya tumbo. Ni wanawake wa Brazil, miaka ya 1980, waliosoma onyo kwamba mjamzito asiitumie, wakaelewa maana yake. (Hao walikuwa wasomaji. Nimewapenda tangu siku hiyo.)

Nilikwama kwenye maneno. "Kutoa mimba" kwetu husemwa kama shtaka, ilhali kitenzi ni kile kile cha kutoa sadaka na kutoa salamu. Nikajaribu "kusitisha ujauzito", likasikika kama tangazo la kampuni ya umeme. Yeye hakujali. Alitaka kujua damu ni ya kiasi gani.

"Ukilowanisha pedi mbili kubwa kwa saa moja," nikasoma, "na iwe hivyo kwa saa mbili mfululizo, nenda hospitali mara moja."

Kimya.

"Dada, hiyo nimeshapita."

Alikuwa amemeza jana yake. Nilidhani namwandaa, kumbe alikuwa akipima mwili wake kwa kila sentensi yangu.

Nikamwambia amwamshe mwenzake wa chumba. Akakataa. Watampigia polisi, watamwambia Mama. Nilimwambia kuhusu Katiba ya 2010, kifungu cha 26(4), kwamba utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa pale mtaalamu wa afya anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini. Nikamwambia pia kwamba anayevuja damu hutibiwa, basi. Akaniuliza, "Na wao wameisoma?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa namuwaza Rosa wa Kezilahabi, katika Rosa Mistika, anayejiua mwishoni. Nikajikuta nampigia kelele mdogo wangu kama anayetaka kugombana naye: amka, vaa, ita tuktuk!

Walifika. Muuguzi akamuuliza amemeza nini. "Sijui, vilikuwa kwenye gazeti." Mwingine akaguna akasema wasichana wa siku hizi. Yule wa kwanza hakusema kitu, akatafuta mshipa, akamwekea dripu. Hayo nilisimuliwa. Mimi nilikuwa kwenye basi la usiku, karibu na Voi, simu imezima.

Nilimkuta amelala, midomo imepauka. Alipofumbua macho aliomba chai.

Baadaye niliyaandika yale maelezo yote kwa Kiswahili sawasawa, kurasa mbili, nikampa asome kwanza. Alirudisha akiwa amekata neno moja kila lilipotokea, mara saba. Nilikuwa nimeandika "mgonjwa". Juu yake, kwa kalamu nyekundu, ameandika "mwanamke".