Mko Wangapi?



Baada ya Swala ya Alfajiri nilipanda mashua ya abiria pale gatini Lamu, mimi na wenzangu watatu, tukielekea Siyu katika kisiwa cha Pate. Tulikwenda kumzuru ndugu niliyesoma naye chuoni tulipokuwa wadogo. Mashua ilipita Mkanda, mlango mwembamba uliobanwa na mikoko pande zote mbili. Siku ile maji yalikuwa yamekupwa, na mkono wa bahari uendao Siyu hauingiliki ila maji yakijaa. Basi tukateremka Mtangawanda, tukamalizia safari kwa pikipiki katika njia ya mchanga, hata ikatutokea ile ngome kongwe ya karne ya 19.

Tulipobisha hodi, kabla hatujaketi, mama yake mwenzangu alichungulia kutoka uani, akauliza, "Mwanangu, mko wangapi?"

Nakiri kwamba swali lile lilinichoma. Kwetu Mombasa mgeni haulizwi idadi. Sufuria hujazwa, na kinachobaki huhesabiwa kuwa ndiyo heshima ya mwenye nyumba. Nilijibu kwa haya, "Wanne, mama." Akasema, "Nanyi wanne na sisi watano, tisa," akarudi jikoni.

Bibi yule ni mzee wa kunizaa, naye aliniita nikae karibu na mlango wa ua tuzungumze huku akipika. Alipima vibaba viwili vya mchele, akausawazisha juu kwa kiganja. Kunde zilikuwa zimerowekwa tangu usiku, kwa hiyo hazikukaa sana motoni. Alikuna nazi mbili. Tui la kwanza akaliweka kando kwa ajili ya kunde na samaki mkavu, tui la pili akapikia wali. Machicha waliitiwa kuku. Vifuu na makumbi ndiyo yaliyokuwa kuni zake, na wali ulipokauka alipalia makaa yale yale juu ya mfuniko. Kila kitu kilifanya kazi mara mbili.

Nilimwuliza mbona haoni haja ya kuni za mikoko, ilhali ameizungukwa. Akanijibu, "Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi. Akisema samaki na kamba hulelewa katika mizizi ile. Nikiichoma, nitapika nini?"

Chakula kilipoiva kilipakuliwa katika sinia mbili: wanaume sita tulizunguka moja, wanawake watatu nyingine. Tulipiga Bismillahi, kila mtu akala upande wake. Tulishiba sote. Ukoko uligawanywa, na kilichobaki ni miiba ya samaki, nayo paka alikuwa akiingoja.

Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo ningependa kulificha, lakini nitalieleza huenda likamfaa mtu.

Nilipomwoza kijana wangu, mama yake aliniuliza siku tatu kabla ya walima, "Baba, twatarajia watu wangapi?" Nilimjibu kwa ukali kidogo kuwa wageni wa harusi hawahesabiwi. Nilichukua mchele na nyama kwa mkopo. Jioni ile masufuria mawili makubwa ya pilau yalichacha kwa joto kabla hatujaamua yapelekwe kwa nani, tukayafukia nyuma ya nyumba. Deni lilinichukua miezi saba kulimaliza. Na Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikiwakumbusha katazo la Mola wetu juu ya israfu katika kula na kunywa, lililomo katika Suratul-A'raf, aya ya 31. Nilikuwa nimeihifadhi aya. Bibi wa Siyu alikuwa akiipika kila siku.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa chakula kichache kikiliwa kwa pamoja huwatosha wengi. Kuuliza idadi, basi, si ubahili. Bahili huuliza ili apunguze. Bibi yule aliuliza ili kila mmoja wetu apate fungu lake na pasiwe na riziki ya kutupwa.

Mama zetu na dada zetu, ninyi mwayajua haya kuliko mimi. Mnaporoweka kunde au mbaazi usiku, mnapunguza makaa ya kesho. Mnapowaalika mashoga, si lazima mmoja aelemewe: huyu alete nazi, yule mchicha, mwingine mchele, nanyi mle sinia moja. Pakibaki kitu, kipelekwe kwa jirani kikingali moto, au kiwe mwiku wa asubuhi. Nasi waume, tunapoulizwa idadi ya wageni, tujibu kwa upole na kwa ukweli.

Niliporudi nyumbani nilimwomba mke wangu radhi. Hakusema mengi. Juma lililofuata niliwaalika wanafunzi wangu chakula cha usiku, naye akauliza kutoka jikoni, "Mko wangapi?" Nikawahesabu mmoja mmoja, nikamjibu, "Kumi na mmoja, pamoja nami." Nikamsikia akipima mchele.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika kile alichoturuzuku, na atujaalie kukinai. Amin.