Karata ya Kwanza Huchagui na Mtu

Kijiweni Tandika, kumkonyeza mwenzako kwenye albastini si dhambi, ni ufundi. Mkicheza wawili kwa wawili, mmoja anakuna sikio, mwingine anakohoa, na kazi ya wapinzani ni kushtukia. Nimekulia kwenye mchezo huo na sina ugomvi nao. Ila tangu sisi wanne tuanze kucheza briji pale geto, suala la kukonyezana limetugombanisha kuliko hata kodi ya chumba.

Kwa asiyeijua: briji ni karata 52, watu wanne, kila mmoja 13. Kwanza kuna mnada, mnashindana kuahidi mtakula mara ngapi na turufu iwe nini. Wakiahidi kula mara 12 kati ya 13, hiyo ni slamu. Wakiahidi zote 13, ni slamu kubwa. Pointi zake ni nono, lakini slamu ya 12 ukila mara mbili tu, imekufa. Majina ya karata tunayo tayari, tena tuliyapata kwa Wareno zamani sana: kopa, uru, pau, shupaza.

Sasa, mnada ukiisha, mtu wa kushoto kwa mwenye mnada ndiye anayetoa karata ya kwanza. Anaitoa kabla karata za yule mwenza hazijalazwa mezani. Yaani unaona 13 zako tu, basi. Wenye uzoefu wanasema slamu isiyo na turufu, anza na karata isiyomzawadia mtu kitu. Slamu kubwa hivyo hivyo, usitafute makuu. Lakini slamu ya 12 yenye turufu mara nyingi inataka ushambulie mapema, kwa sababu jamaa akishazimaliza turufu zenu, atatupa karata zake mbovu juu ya uru au kopa ndefu za mwenzake, na mfalme wako atabaki pambo mkononi.

Jioni ninayoisema, wapinzani wetu walifika 6 za shupaza. Bumu lilikuwa bado halijaingia, na waliokubaliana kushindwa wangenunua chipsi mayai za watu wanne. Kwa hali ile, huo haukuwa mzaha. Nilikuwa na shupaza mbili ndogo, kopa nne zenye K, Q na J, uru tano za hovyo na pau mbili. Mwenzangu alikuwa ametaja pau kwenye mnada. Upande wa pili, mwenza wa mwenye mnada ndiye aliyefungua kwa uru.

Baada ya 6 za shupaza, mwenzangu alikaa kimya. Akazitazama karata zake, akazitazama tena. Kisha akasema: dabo.

Dabo ya namna hii ina mwenyewe, Theodore Lightner, Mmarekani aliyecheza enzi za Ely Culbertson. Hoja yake ilikuwa rahisi: watu waliopanda wenyewe hadi slamu, wakianguka huwa wanaanguka kwa moja tu, kwa hiyo kuwadabo kwa ajili ya pointi ni faida ndogo. Afadhali dabo imwambie mwenzako: usianze na ile karata ambayo kila mtu angeanza nayo. Kwangu hiyo ilimaanisha nisahau K ya kopa, na nisahau pau alizozitaja mwenyewe.

Nikahesabu. Uru tano ninazo mimi. Aliyefungua kwa uru nikimpa tano, na mwenye mnada nikimpa tatu tu, 13 zimeisha. Mwenzangu hana hata moja. Nikaweka uru. Akaikata kwa turufu, akashusha ree ya pau, kazi imekwisha. Kopa ingekuwa msiba: jamaa angekula kwa ree yake, akazimaliza turufu zetu, halafu kopa yake mbovu ikatupwa juu ya uru.

Dada mmoja anayesoma Sheria, ndiye mwenye mnada, hakuinuka kwenda kununua chochote. "Mmekonyezana," akasema. Tukamkumbusha kwamba maana ya dabo ile tuliwatajia tangu siku ya kwanza, na ndiyo sharti la briji: makubaliano yenu wapinzani wayajue. Akajibu kwamba dabo haina shida. Shida ni ule muda. Na kisheria yuko sahihi, kwa sababu kusita kwa mwenzako hakuruhusiwi kukuongoza, hata kama amesita kwa nia njema kabisa. Nikamweleza hesabu yangu ya uru. "Hiyo hesabu umeitunga sasa hivi, kaka."

Hapo utamjibu nini? Nilichowaza kipo kichwani kwangu, hakina shahidi. Kijiweni angecheka tu na mechi inayofuata angetukonyezea yeye.

Wakubwa wenyewe hawajalimaliza. Mwaka 1965 huko Buenos Aires, Waingereza Terence Reese na Boris Schapiro walituhumiwa kupeana ishara kwa vidole walivyoshikia karata. Shirikisho la dunia likawatia hatiani, uchunguzi wa kwao Uingereza ukaja kusema haijathibitika. Mwaka 1975 kwenye mashindano ya dunia wakaweka viwambo mezani ili mtu asimwone mwenzake, na Waitaliano wawili wakatuhumiwa kuongea kwa miguu chini ya meza! Ikabidi hata chini kuzibwe.

Chipsi tulichanga wote wanne, baada ya siku mbili za salamu za mkato. Mwenzangu aliumia kuliko mimi. Siku hizi anahesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kusema neno lolote, hata pasi ya wazi, kwa hiyo mchezo mmoja unachukua karibu nusu saa. Na katikati ya meza kuna kanga imefungwa toka dirishani hadi kwenye msumari wa kabati. Dada wa Sheria aliileta mwenyewe. Inatuzibia feni.