Kipimo cha Mama

Mali ambayo mzazi humwachia mwanawe ni ya namna mbili. Iko ile inayoonekana kwa macho, kama shamba, ng'ombe na nyumba. Tena iko ile isiyoonekana, nayo ni maonyo na desturi njema. Watu wengi huikimbilia ile ya kwanza hata wakaisahau ya pili. Habari za mama mmoja aliyeishi kando ya mji wa Eldoret zaonyesha ya kuwa ile ya pili ndiyo inayoilinda ile ya kwanza.

Mama huyo alizaliwa katika shamba la Mzungu huko Uasin Gishu, siku zile watu wengi walipokuwa wakiuita mji wa Eldoret kwa jina la "Sikstifoo", kwa kuwa ulijengwa juu ya shamba nambari 64. Baba yake alikuwa mfanyakazi aliyepewa ruhusa ya kujenga, kulima kidogo na kulisha mifugo yake, kwa sharti la kumtumikia mwenye shamba. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka watu kama hao wafanye kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka. Binti alikua akivuna mahindi na kubeba magome ya miwati, ambayo yalitolewa dawa ya kutengenezea ngozi. Shule hakuiona.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, yeye na mumewe walijiunga na watu walionunua shamba kwa fedha za pamoja, wakapata eka kumi. Mume akafa mapema, akamwachia watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Basi mama akawalea kwa maziwa. Mengine aliyatia katika vibuyu vilivyosuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, yakawa mursik ya nyumbani. Mengine aliyauza mjini, ng'ambo ya mto Sosiani.

Kwa kuwa hakujua kuandika, kila alipopeleka chupa moja alitia punje moja ya mahindi katika mkebe. Mwisho wa mwezi alizihesabu punje zake mbele ya karani wa mteja. Mwezi mmoja kitabu cha karani kilizidi punje kwa chupa mbili. Mtoto aliyefuatana naye akafurahi, maana fedha zile zingetosha kununua daftari. Mama akamwambia karani azifute. Njiani mtoto alinung'unika, naye akamjibu, "Siku kitabu kitakapopungua nitataka haki yangu. Nitaitakaje, ikiwa leo nimeficha ya mwenzangu?"

Nyumbani nako alikuwa na kipimo kimoja, kikombe cha bati. Kila jioni kila mtoto alipata kikombe hicho kikijaa, mkubwa kwa mdogo. Jirani mmoja alimshauri awazidishie wavulana, kwa sababu hao ndio watakaobaki na boma. Akamjibu, "Tumbo halijui kama ni la mvulana ama la msichana." Karo nayo ilikwenda vivyo hivyo, aliyefaulu mtihani ndiye aliyesomeshwa, na ng'ombe akauzwa bila ya kuuliza ni wa kiume au wa kike.

Mama alipofariki, jaribu likaja. Kwa desturi ya Wakalenjin, kama ilivyo kwa makabila mengi ya Kenya, ardhi hurithiwa na wavulana. Kijana mdogo alitaka eka zile zigawanywe mara mbili tu. Lakini binti mmoja alikuwa amerudi kutoka kwa mumewe, naye ndiye aliyemwuguza mama miaka yake ya mwisho. Hakuwa na mahali pengine pa kulima. Wazee walikaa kimya, wakimngoja kifungua mimba aseme.

Yeye hakutoa hotuba. Aliingia jikoni, akatoka na kile kikombe cha bati, akakiweka chini katikati yao. Kisha akamwuliza ndugu yake, "Mama alikuwa akikutilia wewe vikombe viwili?" Yule kijana akainama. Ugomvi haukwisha siku ile, wala kijana hakukubali kwa furaha. Lakini mwishowe shamba lilipimwa mafungu manne yaliyo sawa.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimtengi mtoto wa kike katika mali ya mzazi wake. Nayo Katiba ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi wa wanawake katika mambo ya ardhi. Hata hivyo jamaa nyingi zimeteketeza mali yao katika kesi, ndugu wasizikane, kwa sababu haki waliisikia mara ya kwanza kwa hakimu. Wale watoto wanne walikuwa wameinywa kila jioni tangu udogo wao.

Wasomaji wenye watoto na wafikiri neno hili. Hati ya shamba yaweza kuandikwa kwa siku moja, lakini moyo wa kugawana huandikwa polepole, mezani na zizini, na mwandishi wake mara nyingi ni mama asiyejua kushika kalamu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.